Jinsi ya Kufikisha Tageti Kati ya Embu na Maua

Nunua shajara. Usinunue daftari la kurasa 96, maana hilo kazi yake ni kuandikiwa wanaokopa dukani. Shajara iwe na jalada linalojifanya ngozi, utepe mwekundu wa kuwekea alama, na kule mwishoni ramani ya dunia ambayo Embu haionekani. Andika malengo yako ya mwaka kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko mzuri, tarehe mbili Januari, kabla shule hazijafunguliwa na karo kuanza kudaiwa. Kufikia Machi shajara itakuwa bado mpya kabisa, na mtoto wa gredi ya nne ataishukuru.

Sikufundishi nilichokisoma tu. Kwa miaka mitatu niliuza bima ya hospitali na ya mazishi kwenye barabara itokayo Embu, ikapita Chuka na Nkubu hadi Meru mjini, kisha ikapanda Nyambene mpaka Maua. Kampuni siitaji kwa sababu bado tunadaiana. Katika miezi 36 nilifikisha tageti mara nne, na mara mbili kati ya hizo ni ukoo wangu ulioniokoa. Habari zao zinakuja. Mtu mwenye rekodi kama yangu ndiye anayefaa kuandika mwongozo. Waliofikisha kila mwezi wana shughuli nyingi.

Walimu wa Kiswahili watauliza kwa nini nasema tageti ilhali neno lengo lipo. Lengo hujiwekea mwenyewe, usiku, ukiwa umeshiba. Tageti huletewa na WhatsApp asubuhi.

Hatua ya kwanza: fahamu tageti yako ilizaliwa wapi

Haikuzaliwa Embu. Ilizaliwa Nairobi, ghorofa ya juu, katika chumba chenye kipoza hewa na sahani ya biskuti. Mtu alichukua mauzo ya mwaka jana, akaongeza asilimia 30, akatazama ramani na kusema watu wa Mlima Kenya ni wachapakazi, akagawanya kwa 12. Kisha akala biskuti.

Hapo pa kugawanya kwa 12 ndipo mambo yalipoharibikia. Nchi hii ya mlimani ina kalenda yake ya pesa, na wala haihesabu miezi kama ya ukutani. Mkulima anayepeleka majani ya chai Mungania au Rukuriri upande wa Embu, au Githongo na Kionyo upande wa Meru, hupata kidogo kila mwezi, cha kununulia sukari na kulipa wachumaji. Pesa yenyewe ni bonasi. Mwaka wa kiwanda hufungwa Juni, hesabu zikapigwa, na bonasi ikafika mnamo Oktoba. Kahawa ina msimu wake na subira yake, tena ndefu kuliko ya chai. Huko chini Mbeere, ndengu za Ishiara hufuata mvua, ile ya Machi na ile ya Oktoba, na maembe yana miezi yake mifupi ambayo kila mtu ni tajiri kwa pamoja na bei ikaanguka kwa pamoja. Makadamia nazo zina kipindi ambacho serikali hufunga uvunaji ili watu wasiangushe zisizokomaa. Miraa hufanya kinyume cha vyote: kiangazi kikikaza, majani yakawa machache, bei hupanda, na mwenye maji ya kunyunyizia hucheka peke yake.

Sasa wewe mpelekee watu hawa tageti iliyokatwa vipande 12 vinavyolingana kama mkate wa dukani.

Mzee mmoja karibu na Runyenjes alinisikiliza kwa saa nzima. Akanipa chai, akaniuliza wazazi wangu ni wa wapi, akasema bima ni jambo zuri sana na kwamba vijana kama mimi ndio wanaojenga nchi.

"Nitalipa bonasi ikitoka," akasema.

Ilikuwa Februari. Kwenye ripoti nikaandika kuwa mteja huyu ameshaiva, na bosi akanitumia kidole gumba. Oktoba nikarudi. Bonasi ilikuwa imetoka na imekwisha: karo, mabati ya jiko, ndama mmoja. Mzee alifurahi kuniona kweli kweli.

"Na mazishi, mzee?" nikamkumbusha, kwa upole wa kazi.

"Kijana wangu, mimi nikifa watu hawa wote watanizika. Wewe ukifa leo, huko kwenu bado wanakujua?"

Nilikuwa na miezi saba bila kufika nyumbani, kwa ajili ya tageti. Nikanywa chai ya pili nikaondoka.

Hatua ya pili

Hii nitaieleza mwishoni kabisa. Bosi wangu wa zamani husoma mwanzo wa kila kitu na kuruka mpaka kwenye takwimu, kwa hivyo huko itakuwa salama.

Hatua ya tatu: salamu

Nairobi huamini kuwa "eneo la Mlima" ni mahali pamoja pana watu wa namna moja. Asubuhi Embu utasema "wimwega" na watu wakuitikie. Vuka mto Thuci, umeingia Tharaka Nithi. Fika Chuka, masikio yabadilike. Fika Meru, salamu ni "muga", na ukiambiwa "muga mono" ujue umekaribishwa. Mimi siku ya kwanza nilisimama mbele ya kikundi cha akina mama Meru nikawamwagia "wimwega" kwa sauti ya mhubiri. Waliniitikia kwa adabu, wakanisikiliza kwa adabu, wakaenda zao kwa adabu. Kwenye fomu ya kueleza sababu za kukosa mauzo hapakuwa na kisanduku cha salamu, nikaweka alama kwenye "ushindani".

Hatua ya nne: kaa mbele, kando ya dereva

Ukitaka kuona tageti inavyoishi, panda matatu stendi ya Embu uketi mbele. Watu wa matatu huiita hesabu. Mwenye gari anataka kiasi fulani jioni, mafuta yanataka chake, na kinachozidi ni cha dereva na makanga. Hakuna chati wala rangi za kijani na nyekundu, na hakuna anayempa mwenzake cheti cha mfanyakazi wa mwezi. Dereva anajua Ijumaa jioni ina uzito gani, Jumanne saa nne asubuhi ina njaa gani, na shule zikifungwa nauli itapanda kufika wapi kabla abiria hawajaanza kutukana. Hagawanyi chochote kwa 12.

Msikilize makanga: "Wawili gari lijae!" Ndani mna viti saba vitupu. Kila anayeingia anaambiwa yeye ndiye aliyekuwa akisubiriwa, na watu huamini, nami huamini kila mara ingawa nimezoea. Halafu watazame wale vijana watatu walioketi nyuma wamejifunga mikanda, sura za watu wanaokwenda mbali. Gari likikaribia kujaa watashuka mmoja mmoja. Hao wanalipwa kidogo kwa kukaa, ili gari lionekane lina watu. Wakumbuke, tutarudi kwao.

Njiani makanga ataongea mpaka koo limkauke, isipokuwa mnapoteremka kuelekea daraja la Nithi, penye historia ya ajali. Pale hata yeye hunyamaza, na redio hupunguzwa.

Hatua ya tano: uza kitu kinachokufa

Bima haiozi. Hilo ndilo kosa lake kubwa. Mteja akikuambia "wiki ijayo", wiki ijayo bima itakuwa vilevile, nawe huna la kumjibu.

Nenda Maua, Kangeta au Laare uone watu wanaouza kitu chenye roho. Miraa ikishachumwa, saa imeanza kuhesabu. Nguvu ya jani ni kemikali iitwayo kathinoni, na ndani ya saa 48 hivi imeshafifia. Baada ya hapo umebaki na vijiti. Kwa hiyo huchumwa, huchambuliwa, hufungwa vibunda na kuvingirishwa kwenye majani ya mgomba isikauke, hupakiwa kwenye pikapu, na pikapu hizo ukizisikia nyuma yako kaa pembeni usijadiliane. Mchana zimefika Nairobi, mzigo mwingine umeingia Eastleigh, mwingine uwanja wa ndege wa Wilson, na kabla ya jioni kuna mtu Mogadishu anatafuna kilichokuwa mtini Igembe. Nilimuuliza mfanyabiashara mmoja pale Maua ana mpango gani wa robo ya mwaka. Akanitazama kama niliyemuuliza ana mpango gani wa mwaka 2090. Mzigo wake ulikuwa na saa 40 za kuishi na mimi nilikuwa namlia dakika.

Lakini usidhani hao hawana mtu wa biskuti. Wanao, tena wa mbali zaidi. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013. Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, na soko ambalo lilipokea ndege wiki baada ya wiki likafa kwa sahihi ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga Nyambene. Machi 2020 Somalia ikafunga anga yake kwa mzigo huo, ikisema ni korona. Korona ikapungua, anga ikabaki imefungwa, siasa zikaingia, na ndege hazikurudi mpaka Julai 2022. Fikiria wewe ni mkulima, umeandika kwenye shajara yako ya ngozi bandia "kuongeza mauzo ya Mogadishu kwa asilimia 10".

Embu nao walionja. Mei 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kuufungia mlango muguka wa Mbeere, ndugu wa miraa. Kwa siku kadhaa magunia yalikosa pa kwenda. Rais akaingilia kati, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo, wanasiasa wakapigiana kelele kutoka pwani hadi mlimani, na mchumaji wa Kiritiri akaendelea kuchuma, kwa kuwa kichaka hakikupokea taarifa yoyote kwamba kuna kesi. Watakaotaka nihubiri kama kutafuna ni kuzuri au kubaya, mahubiri hayo yana wenyewe, hasa Pwani.

Semina

Hii haina namba kwa sababu haikwepeki. Mara moja kwa mwaka mtapelekwa hoteli yenye bustani, mtapewa kalamu na chupa ya maji, na atasimama mtu mwenye kipaza sauti kilichobanwa shavuni. Atawaambia kuhusu utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1953: asilimia tatu tu ya wahitimu waliandika malengo yao, na miaka 20 baadaye hao asilimia tatu walikuwa na mali kuliko wenzao asilimia 97 wote kwa pamoja. Ukumbi utapiga makofi. Nimeusikia utafiti huu Embu, nikausikia Meru, na mara moja kanisani. Haukufanyika. Waandishi waliufuatilia miaka ya tisini, wakarudi mikono mitupu, na Yale wenyewe hawaujui. Usimwambie mkufunzi. Mimi nilimwambia wakati wa chai, akanijibu kwamba mtazamo wangu ndio unaonizuia kufanikiwa.

Kisha atawaandikia ubaoni herufi tano, S, M, A, R, T, ambazo zikisomwa pamoja ni werevu wa Kiingereza. Hizi angalau zina mwenyewe: Mmarekani George Doran, aliyeziandika katika jarida la mameneja mwezi Novemba 1981. Lengo liwe mahususi, lipimike, liwezekane, liwe na muda. Mkufunzi atasema A ni lengo linalofikika. Doran hakusema hivyo. Katika makala yake A ilikuwa ni nani atakayekabidhiwa mzigo; wengine ndio walioibadilisha baadaye, nadhani kwa haya. Kampuni yetu, bila kumsoma Doran, ilikuwa imebaki na A yake ya asili. Nani atabeba? Mimi. Nani ameandika? Biskuti.

Mwishoni mtaambiwa mfumbe macho mjione mmefika. Nilifumba nikajiona nimefika nyumbani.

Hatua ya sita: ukoo

Siku ya 28 ya mwezi, ukiwa umebakiza wateja sita, utaanza kuwafikiria jamaa zako kwa upendo usio wa kawaida.

Usijione mwovu wa kwanza. Benki kubwa ya Marekani, Wells Fargo, ilikuwa ikiwasukuma wafanyakazi wake kila mteja awe na bidhaa nane. Kwa nini nane? Mkubwa wao mmoja alieleza kwamba neno nane kwa Kiingereza lina kina kimoja na neno la kusifia ubora. Basi wafanyakazi wakafungua akaunti, na kufungua, na kufungua, na Septemba 2016 benki ikatozwa faini ya dola milioni 185 baada ya kubainika kuwa akaunti zipatazo milioni mbili huenda hazikuombwa na wenyewe. Washairi wetu wa Mombasa na Lamu wamepanga vina kwa karne nyingi na hakuna aliyegharimu kiasi hicho.

Mimi nilimsajili mama. Nikamsajili shosho, ambaye aliuliza kama bima ya mazishi maana yake nina haraka. Nikamsajili binamu aliye Qatar, wajomba wawili, na shemeji ambaye ndoa yake na dada yangu ilikuwa bado kwenye mazungumzo. Malipo ya mwezi wa kwanza nilitoa mfukoni mwangu, tageti ikafika, bosi akanitangaza kwenye kikundi, kamisheni ikaingia, nikala nyama. Mwezi wa pili hakuna aliyelipa, bima zikafa, na kamisheni ikakatwa kwenye mshahara kimya kimya. Walikuwa ni wale vijana watatu wa kiti cha nyuma. Gari lilipoondoka walikuwa wameshashuka, na nilikuwa nimewalipa mimi.

Mjomba mmoja, ambaye hakujua lolote kuhusu kufa kwa bima, alianguka kutoka juu ya mti wa makadamia akavunjika mguu, akaenda hospitali akiwa na kadi niliyompa, ameishika juu kama tiketi ya ndege. Ilibidi tuchange. Mpaka leo kwenye shughuli za familia mimi huitwa Bwana Bima, na hupewa kiti karibu na mlango.

Hatua ya saba: malengo yako binafsi

Kupunguza mwili: haiwezekani katika kazi hii. Kila nyumba itakukaribisha mukimo, na sahani ya pili haiulizwi, hupakuliwa. Kusoma vitabu 12 kwa mwaka: kuna tatizo la namba hiyo tena. Kuacha kukopa kwenye simu: hili jiwekee, litakupa kitu cha kujiwekea tena mwakani.

Kuweka akiba ndilo lililonisumbua, nalo nilifundishwa na wauza ndizi wa soko la Gakoromone, Meru, ambao nilikwenda kuwauzia mimi. Wana chama chao. Kila wiki kila mmoja huleta sawa na wenzake na mmoja huondoka na chungu kizima. Wiki ijayo ni zamu ya mwingine. Ukikosa kuleta, hakuna barua ya onyo. Kuna mwenzako wa meza ya pili ambaye ilikuwa zamu yake, aliyeshaongea na fundi wa choo, na ambaye kesho asubuhi atakuwa anapanga ndizi hatua tatu kutoka ulipo. Niliuliza kama kuna aliyewahi kukosa. Wakatajiana jina moja kwa macho, na mmoja akasema, "Huyo alirudi kwao." Sikuuliza kwao ni wapi.

Mweka hazina aliandika kila kitu, tarehe, jina, kiasi, kwenye daftari la kurasa 96 lililofunikwa kwa gazeti. Najua nilikuambia usilinunue. Walinisikiliza kuhusu bima kwa dakika kumi, wakanishauri niingie chama, nikaingia, na mpaka sasa ndiyo tageti pekee ambayo sijawahi kuikosa. Bima hawakununua.

Hatua ya pili

Nilisema nitarudi. Ni hii: jua mahali mtandao unapokatika.

Siku ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa kumi jioni, kikundi cha WhatsApp huanza kupumua. Bosi huuliza, "Tumefika wapi, timu?" Baada ya dakika tano huuliza tena bila "timu". Baada ya hapo hupiga. Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru, Mungu ashukuriwe, ni barabara ya mito. Huteremka bondeni na kupanda, huteremka na kupanda, na kati ya Chuka na Nkubu kuna bonde moja, silitaji, ambako simu hupoteza mtandao kabisa. Ukishuka hapo saa kumi na nusu na kupanda matatu ya saa moja usiku, mwezi utakuwa umejifunga wenyewe, na utakuwa na sababu isiyohitaji uongo.

Mara ya kwanza niliposhuka nilidhani nimegundua nchi. Kando ya barabara palikuwa na kibanda cha mama anayechoma mahindi, na juu ya benchi lake wameketi watu wanne, viatu vina vumbi, mikoba kama wangu magotini, simu zimelazwa kifudifudi. Mmoja alikuwa na nembo ya benki kifuani, mwingine aliuza taa za sola, wawili sikuwatambua. Walisogea nikapata nafasi. Hakuna aliyeniuliza natoka kampuni gani.

Mama alinichagulia hindi akaligeuza juu ya makaa. Nyuma yake palikuwa na gunia moja limekwisha na jingine limefunguliwa punde. Nikamwambia leo biashara imemkubali.

"Ni tarehe 31," akasema. "Siku zingine naleta moja. Siku kama leo naleta mawili."